Tupeane uzoefu: Malindi hadi Kisumu kwa baiskeli, mlijiandaa vipi?

Pedali za Shela:
Assalam alaykum jamaa, na habari za jioni kwa wote wa Malindi, Watamu, Mambrui na walio mbali.

Kikundi chetu kimekata shauri kwenda Kisumu kwa baiskeli, inshallah. Kisumu yenyewe ya ziwani, si Kisumu Ndogo ya hapa kwetu. Njia tuliyoafikiana ni Kilifi, Mavueni, Kaloleni, Mariakani, kisha barabara kuu hadi Nairobi, halafu Mai Mahiu, Nakuru, Mau Summit, Kericho, tuteremke Kisumu. Ni zaidi ya kilomita 900. Waendao ni mchanganyiko: vijana wa boda, mvuvi, mwalimu wa shule ya msingi, dada wawili wenye duka la vitambaa, na mzee mmoja ambaye tangu utoto wake hajaacha kuendesha.

Naomba waliokwishakwenda masafa, hata aliyefika Voi tu, waeleze walivyojiandaa. Sitaki ya kusikia, nataka yaliyokupata wewe mwenyewe. Na zaidi niambieni habari za kundi. Miguu nadhani tunayo. Ninachohofia ni watu kuachana njiani.

Mwanamaji:
Wa alaykum salaam. Nianze na mazoezi, maana sisi wa hapa tunadanganywa na tambarare. Malindi hadi Kilifi ni kilomita 60 hivi na hukuti mlima wa kukushusha kwenye baiskeli. Mtu akiifanya hiyo kila wiki anajiona yuko tayari. Akishavuka daraja la Kilifi, akafika Mavueni na kukata kulia kuelekea Kaloleni, vile vilima vya minazi vinamtoa pumzi, na safari ndiyo kwanza imeanza.

Sisi tuliokosa milima tuliutumia upepo. Msimu wa kusi tulikuwa tukitoka alfajiri kwenda kaskazini: Sabaki, Mambrui, Gongoni, mpaka Marereni. Kwenda unasukumwa, unajisikia bingwa. Kazi iko kurudi. Kusi inakupiga usoni kutoka kwenye mashamba ya chumvi mpaka daraja la Sabaki, wala haikupi nafuu hata kidogo. Mlima ukifika juu unateremka. Kusi haina juu. Kundi likiweza kurudi kutoka Marereni pamoja, jua la saa nne, bila mtu kuachwa, basi vilima vya Ukambani litavipanda.

Na hapo ndipo tulipojifunza kukaa foleni. Wa mbele anakata upepo kwa muda mfupi, anajitoa kando, anarudi nyuma, mwingine anashika. Mvuvi wenu atalielewa hili kabla ya wote, ni kama kupokezana makasia. Vijana wa boda ndio wagumu, kila mmoja anataka kuwa mbele moja kwa moja.

Msimu je? Kaskazi itawasukuma vizuri mpaka Kilifi, lakini ndiyo miezi ya joto kali, na kuvuka nyika kavu ya Taru mwezi wa pili ni adhabu. Mimi nashauri baada ya masika, kusi ikishakaa. Mtaumia kidogo siku ya kwanza, ila mkishafika Mariakani barabara inaelekea kaskazini-magharibi, na upepo ule ule unakuwa mgongoni mwenu siku nyingi.

Fundi wa Maweni:
Nimetengeneza baiskeli nyingi zilizokwenda mbali, na mimi mwenyewe nimefika Nairobi kwa pedali. Baiskeli ya pwani adui yake ni chumvi. Inakula pale spoki inapoingia kwenye rimu, mahali ambapo mwenyewe haangalii. Kwa nje inang'aa, ndani imeshaoza. Mimi huipindua baiskeli nikazungusha gurudumu polepole, huku nikizipiga spoki moja moja kwa ukucha. Iliyokaza hulia sauti nyembamba, iliyolegea hulia nzito. Iliyolegea naikaza. Ikigoma kuzunguka kwa kutu naikata natia mpya hapo hapo, maana afadhali ikatike mbele yangu kuliko ikatike Taru na mzigo juu.

Pancha nyingi tulizopata hazikuwa za miiba, ingawa miiba ipo tele. Kando ya barabara kuu kumejaa mabaki ya matairi ya trela yaliyopasuka, na ndani yake mna nyuzi za chuma nyembamba sana. Uzi ukizama kwenye tairi lako huuoni. Ukitia tyubu mpya bila kuutoa, muda si mrefu uko chini tena na unamlaumu aliyekuuzia tyubu. Pitisha kitambaa laini ndani ya tairi pole pole, mzunguko mzima. Kinaponasa, uzi uko hapo. Uvute kwa koleo ndogo, ndipo ufunge.

Jingine wanalolisahau wengi ni saizi. Kaeni kikao kila mtu aje na baiskeli yake, si kwa simu, aje nayo. Msome namba kwenye kila tairi. Mkiwa na saizi nne tofauti mtahitaji akiba nne tofauti, na itakayoisha ndiyo itakayotakikana. Kundi letu tuliwabadilishia watu wawili magurudumu ili sote tuwe na 26 au 28 tu. Angalieni na midomo ya tyubu, kwamba pampu moja inaingia kwa wote.

Kuhusu Black Mamba ya mzee, ile baiskeli ya chuma ya kizamani, msimvunje moyo. Ni nzito, lakini karia yake inabeba gunia, na kila fundi wa kando ya barabara anaijua na ana vipuri vyake. Taabu ni kwamba haina gia, na zile breki za vyuma zinachoka kwenye mteremko mrefu. Mtieni raba mpya za breki Nairobi, na kushuka Mai Mahiu ashuke akiikokota. Hakuna aibu katika hilo.

Bint Mambrui:
Hao dada wawili wapeni salamu zangu, wametutia fahari.

Kwa sisi wanawake maandalizi huanzia nyumbani. Kiongozi wa kundi letu alikwenda nyumba kwa nyumba, akaketi na wazee wa kila binti, akawaeleza njia, tutakapolala kila usiku, na nani atakuwa chumba kimoja na nani. Baba yangu alikuwa amekataa katakata. Alipopewa namba ya dereva wa gari la kusindikiza na jina la kila gesti, akanyamaza, kisha akatoa radhi. Kila magharibi alinipigia simu. Viongozi wa vikundi, fanyeni kazi hii mapema, msimwachie binti apigane peke yake na wazazi wake.

Nguo. Buibui na cheni havipatani. Nilishonesha kanzu fupi ya pamba ya kufika magotini, yenye mpasuo pande mbili, na suruali ndani iliyobana vifundoni. Ushungi uwe wa kitambaa cha kuvutika, usioruka kwa upepo, na uketi chini ya kofia ya chuma bila pini, maana pini itakuchoma kuanzia Kilifi. Nguo ya ndani isiwe na mshono mnene pale unapokalia. Pakeni mafuta mazito kabla ya kupanda, si baada ya kuchubuka. Na siti ya baiskeli iwe ile mliyoizoea mazoezini. Ukinunua mpya wiki ya safari, utajuta.

Chakula mimi naona watu wa pwani tumejaliwa. Tende na kashata za njugu, hakuna kitu kinachowazidi. Viko mfukoni, haviharibiki kwa jua, unakula kidogo kidogo kabla njaa haijabisha hodi. Lakini mahamri na mbaazi za nazi nzito asubuhi, hapana. Wenzetu wawili walikula wakashiba, na karibu na Maungu tumbo likawagomea. Uji, ndizi, mkate, mayai, basi. Mbaazi mle jioni mkishapumzika.

Na maji matupu hayatoshi ukitoka jasho siku nzima. Lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko vya kukata, si vya kujaza. Tulikuwa tukitengeneza dumu zima usiku. Anayeanza kuumwa kichwa na kutotaka kuongea, mshusheni kivulini mumpe hayo, msingoje aanguke.

Pedali za Shela:
Mashaallah, dada, nimeyanakili yote, na kesho nakwenda kwa wazee wa hao mabinti. Sasa nani amepita Tsavo?

Mpita Njia:
Mimi. Kwanza, atatokea mtu na ramani atawaambia kuna njia ya mkato: Malindi, Langobaya, lango la Sala, mkatize mbuga mtokee Voi. Msimsikilize. Ile ni Tsavo Mashariki, ni tembo na simba, si njia ya baiskeli.

Hata barabara kuu yenyewe, kutoka Voi hadi Mtito Andei, kilomita 100 hivi, mna mbuga huku na huku. Tulitoka Voi kulipopambazuka, si kabla, na tukahakikisha tumefika Mtito mchana. Tuliwaona tembo karibu na lami. Tulisimama mbali, tukangoja, dereva wa trela mmoja akapunguza mwendo akatukinga upande tukapita. Mungu amlipe. Nyani nao wanaujua mfuko wa chakula, usiuache kwenye karia ukaenda zako kichakani.

Sasa suala lako la watu kuachana. Nimekwenda na kundi lililosambaratika kabla ya Mackinnon Road, na baadaye kundi lililofika zima, na tofauti nimeiona. Kundi lililofika lilimweka aliye na nguvu kuliko wote awe wa mwisho. Si kama adhabu, ni cheo. Yeye ndiye mwenye pampu, spana, viraka na filimbi. Hakuna anayeruhusiwa kubaki nyuma yake. Akipuliza mara moja, trela linakuja, kaeni mstari mmoja. Mara mbili, simameni. Wa mbele anakuwa ni mtu wa mwendo wa kati anayejua kujizuia. Na vituo tulivipanga kwa majina: Samburu, Taru, Mackinnon Road, Maungu. Ukifika kituo husogei mpaka wa mwisho amefika, amekunywa maji na yeye amepumzika. Hilo la mwisho ndilo watu wanalolivunja. Wa mbele wameshapoa, anayechelewa anafika hoi, wanaondoka naye hapo hapo. Siku ya pili mtu huyo anapanda basi, na si kwamba hakuwa na miguu, hakupewa nafasi ya kupumua.

Yafanyeni haya kwenye mazoezi ya Marereni. Msingoje Taru kumchagua wa mwisho.

Babu wa Ngomeni:
Wanangu, nimesoma nimefurahi. Nyongeza yangu ni fupi. Waislamu kati yenu mtakuwa wasafiri wa masafa, mna ruhusa ya kufupisha na kukusanya sala. Muulizeni ustadhi wenu kabla ya kuondoka ili msibishane barabarani. Sisi adhuhuri na alasiri tulizipanga kwenye kituo kikubwa cha mchana, na wenzetu Wakristo walitulindia baiskeli. Pale Mackinnon Road kuna msikiti wa kaburi la Sayyid Baghali, ubavuni mwa reli ya zamani. Simameni, muombe dua, mpumzike. Na Makindu lipo hekalu la Masikh, linalompokea msafiri wa dini yoyote na kumlisha bila malipo. Mtu huvua viatu, hufunika kichwa, na haingii na sigara wala pombe. Tuliingia na vumbi letu tukapewa chapati na dengu, na hakuna aliyetuuliza sisi ni nani. Mkila kwa watu, tieni chochote kwenye sanduku la sadaka, na mwoshe vyombo.

Chai ya Kericho:
Mimi ni wa Kericho, naishi Watamu, na njia hiyo nimeipita. Mnazungumza jua tu, lakini kuna baridi. Mkitoka Nairobi mnapanda Limuru, na mwezi wa saba asubuhi kule ni ukungu na manyunyu. Mau Summit ni juu zaidi, zaidi ya mita 2,400, ninyi mnaotoka usawa wa bahari. Pumzi itapungua, msishtuke, punguzeni mwendo. Mvua ilitukuta pale alasiri. Kijana mmoja wa Malindi, imara kabisa, alitaka kushika breki kwenye mteremko na vidole havikukunjika. Tulimsimamisha kwa kumshika karia, tukamvua glavu zilizolowa, tukamtia mikono makwapani mwake mpaka ikarudi. Kila mtu abebe koti lisilopitisha mvua, jozi mbili za glavu, soksi nzito na fulana kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Najua ukiwa Malindi unaona ni mzigo wa bure. Ubebe.

Baada ya Kericho ni mashamba ya chai na kuteremka hadi Ahero, mtafurahi.

Pedali za Shela:
Sina la kuwalipa. Jumapili tuna kikao cha baiskeli zote kama alivyosema Fundi, na wa mwisho atachaguliwa siku hiyo hiyo. Moja tu limebaki: kurudi. Baiskeli zinarudi vipi?

Mpita Njia:
Kwa basi. Mweleze karani siku moja kabla kwamba mna baiskeli, na idadi, mkubaliane bei ya mzigo mapema na mpewe risiti. Toeni pedali, geuzeni usukani ulale sambamba na fremu, punguzeni upepo kwenye matairi, fungeni mbili mbili kwa vipande vya maboksi katikati zisikwaruzane. Pedali na nati zake zikae kwenye mfuko wenye jina la mwenyewe, kwa sababu pedali ya kushoto haiingii kulia, na mkizichanganya mtahangaika usiku kucha stendi ya Mombasa.

Fundi wa Maweni:
Na mkifika nyumbani zileteni niziangalie kabla hazijarudi kazini. Zitakuwa na vumbi la Taru kwenye beringi, na vumbi hilo likikutana na chumvi yetu halichukui muda.