Naomba ushauri: mkataba wa Dar, kazi Unguja, lalamiko la ubaguzi lipelekwe wapi?

Wakuu, mfanyakazi kasaini mkataba Dar, kituo chake Unguja, kanyimwa cheo kwa sababu ya ujauzito. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinautaja ujauzito waziwazi, na dalili zikishaonekana ni mwajiri wa kujisafisha. Shida ni kwamba sheria hiyo ni ya Bara tu. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 na usuluhishi wake. Kwa Bara, CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) wanatoa siku 60 za kufungua lalamiko (kuachishwa kazi ni 30), na fomu namba 1 ya lalamiko lazima mwajiri apelekewe kwanza, uthibitisho uwepo. Wengi hukwama hapo.

Je, kinachoangaliwa ni mkataba uliposainiwa au kazi inapofanyika? Na akikosea mlango siku zikapita, sababu hiyo inakubalika kwenye fomu namba 2 ya kuomba kupokelewa nje ya muda?