Mwezi wa Mwanza unachelewa? Simu inasema saa 12:31, mimi nauona saa 1:18

MamaBaraka_Mabatini

Habari za jioni wana jukwaa. Naomba msaada wa jambo ambalo kwa wengine litaonekana dogo, ila kwangu limeshakuwa deni kwa mtoto.

Mwanangu yuko darasa la pili. Bibi yake, yaani mama yangu mzazi, alikulia Ukerewe, na tangu ahamie kwetu kila usiku anamsimulia mbalamwezi ya kwao. Walivyokuwa wakicheza uwanjani mpaka usiku mkubwa bila taa yoyote. Mwezi ulivyokuwa unatoka ziwani mwekundu, mkubwa kama ungo. Mtoto akaniomba nimwonyeshe mwezi ukitoka. Siyo ukiwa umeshafika juu, hapana, ukitoka. Nikashtuka, maana hata mimi ni miaka sijautazama ukichomoza. Hapa Mabatini tunaishi katikati ya mawe, nyumba juu ya nyumba, unaona kipande cha anga tu.

Nikafungua programu ya simu, ikasema mwezi mpevu utachomoza saa 12:31 jioni. Nikafunga genge mapema, nikaacha nyanya za watu, tukapanda kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba tukaelekea mashariki. Saa 12:31 hakuna kitu. Saa 12:45 hakuna kitu, na jua lenyewe bado lilikuwa linaonekana upande wa ziwa. Saa moja giza limeshaanza kuingia, hakuna. Ulitokea saa 1:18 juu ya mabati ya nyumba zilizo kileleni, tena ukiwa umeshakuwa mweupe, wa kawaida tu. Mtoto akaniambia, "Mama, huu siyo wa bibi."

Kesho yake nikajiona nimejifunza, tukatoka saa 1:10. Tukakaa. Saa mbili kasoro mtoto akalala mapajani, nikambeba nikamrudisha ndani. Saa 2:10 natoka kufunga mlango, nauona huo hapo, umekaa juu ya kilima.

Sasa naomba kujua: programu inadanganya, au mwezi wa huku unachelewa kweli? Na hapa mjini nimpeleke wapi mtoto auone ule mwekundu? Sitaki kumpandisha kwenye jiwe mara ya tatu bure.

Kijana_wa_Igoma

Dada, kwanza angalia programu yako imewekwa mji gani.

MamaBaraka_Mabatini

Nimeangalia. Imeandika Dar es Salaam. Kwenye orodha yao ya miji Tanzania ni Dar tu, nikadhani nchi ni moja basi saa ni ile ile.

Mwalimu_Mstaafu

Mama Baraka, umeuliza swali zuri, na majibu yote umeshayaandika mwenyewe bila kujua. Nimefundisha Jiografia miaka mingi, sasa nimestaafu, naishi Bwiru. Nikusaidie taratibu.

Saa ya ukutani ni moja kwa nchi nzima, ila jua na mwezi havifuati saa ya ukutani. Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, kwa hiyo kila uzi mmoja wa longitudo ni dakika 4. Dar iko karibu na nyuzi 39.3 mashariki, Mwanza karibu na 32.9. Tofauti ni nyuzi 6 na ushee, sawa na dakika kama 25. Kila kinachochomoza Dar kitachomoza huku baada ya muda huo. Inaongezeka au inapungua dakika chache, kwa sababu Dar iko kusini zaidi na mwezi nao hauchomozi mahali pamoja siku zote. Waulize jirani zako wanaofunga Ramadhani. Redio ikiadhini magharibi ya Dar, mtu wa Mwanza hagusi tende, kwa sababu jua lake bado lipo. Ndilo lile jua uliloliona saa 12:45.

Kwa hiyo saa 12:31 ya Dar ni kama saa 12:56 kwetu. Zimebaki dakika 22, na hizo zimeliwa na kilima chako. Wanaopiga hesabu za kuchomoza huchukulia upeo ulio tambarare, kama mtu anayetazama bahari. Mabatini hakuna upeo wa namna hiyo. Nyoosha mkono mbele yako mpaka mwisho, fumba jicho moja. Kidole cha mwisho kinaziba kama uzi mmoja wa anga, vidole vitatu vya kati vikibanwa pamoja kama nyuzi 5, ngumi kama 10. Pima kutoka usawa wa macho mpaka kilele cha kilima. Kwetu hapa karibu na ikweta mwezi hupanda karibu wima, kwa hiyo kila uzi ni dakika 4. Vidole vitatu ni dakika 20. Nina hakika ukipima utapata vitatu au vitatu na kidogo.

Hicho kilima ndicho kilichomnyima mtoto rangi pia. Mwezi ni mwekundu ukiwa chini kabisa, mwanga wake unapopita kwenye hewa nene, vumbi na moshi. Ukishapanda nyuzi tano wekundu mwingi umeisha. Ukubwa ni macho yetu tu: ukiwa karibu na nyumba na miti tunauona mkubwa, lakini ukiupima kwa kidole cha mwisho utakuta ni ule ule, nusu ya kidole, chini na juu.

Siku ya pili ulikosea jambo lingine. Mwezi unatuzunguka kuelekea mashariki, unamaliza mzunguko kwa siku 27 na theluthi. Tunapomaliza kuzunguka sisi, wenyewe umeshasogea kama nyuzi 13, inabidi tuufuate. Ndiyo maana kila siku unachelewa kwa wastani wa dakika 50. Saa 1:18 ya jana huwa saa 2:08 ya leo. Wewe umefunga mlango saa 2:10.

Kuhusu mahali, sikushauri mashariki kabisa. Mji wetu umegeukia magharibi. Mpeleke akauone ukizama.

MamaBaraka_Mabatini

Shikamoo mwalimu. Nimetoka kupima sasa hivi, mkono umenyooshwa na majirani wananishangaa. Vidole vitatu, na cha mwisho kama nusu hivi. Asante sana. Hapo pa kuzama nieleweshe, siku gani na saa ngapi?

Mwalimu_Mstaafu

Marahaba mama. Chagua asubuhi moja kabla ya mwezi kujaa kabisa. Ukingoja ule uliojaa, unazama jua likiwa linatoka, anga nyeupe, mwezi umepauka. Siku moja kabla unazama kama nusu saa au dakika 40 mapema, bado kuna giza. Hesabu saa 12 asubuhi na dakika chache. Nendeni ufukweni karibu na Jiwe la Bismarck, mtazame ng'ambo ya maji, upande wa Kamanga. Kule Sengerema kuna vilima pia, ila viko mbali, vinachukua kidole kimoja tu.

Mvuvi_Igombe

Mimi sina elimu ya nyuzi ila mwezi ndiyo bosi wangu. Tunavua dagaa kwa taa, zamani karabai, siku hizi za sola. Dagaa anafuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote ni taa, dagaa anatawanyika, hana sababu ya kuja kwako. Kwa hiyo mbalamwezi tunavuta mitumbwi juu, tunashona nyavu, tunalala na familia. Kina mama wanaonunua mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, wanajua, siku hizo dagaa inakuwa chache na bei inapanda.

Hizo dakika 50 za mwalimu kwetu ni pesa. Siku ya tatu baada ya mwezi kujaa tunapata giza la kama saa mbili kabla haujatoka. Wengine wanaingia kwa hizo saa mbili tu, wanawasha, wanakokota, wanarudi. Siku ya tano giza ni refu zaidi, mitumbwi inakuwa mingi. Hakuna anayeangalia simu. Ukiwa majini mashariki hakuna kilima, unatoka mwekundu kama kaa la moto, na ukiuona tu unajua kazi imeisha.

Tarehe 7 Septemba 2025 ulipopatwa tulikuwa mwaloni, maana ulikuwa mwezi mpevu. Kuanzia saa 2:30 usiku mpaka karibu saa 4 ulikuwa mwekundu wote. Giza likarudi ghafla kama siku za kazi. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Haya, washeni taa!"

Kashozi_Road

Kwetu Bukoba ziwa liko mashariki, kwa hiyo mwezi unatoka majini moja kwa moja, huhitaji kuamka alfajiri. Mama Baraka ukipata nafasi panda meli na mtoto, siku ya pili baada ya kujaa ndiyo nzuri, giza limeshaingia. Saa zetu ni dakika 4 nyuma ya zenu.

Mwalimu, mwezi mchanga kwenu unalala chali kama huku? Ndugu zangu walioko Ulaya wananitumia picha, kwao umesimama ubavu.

Mwalimu_Mstaafu

Ndiyo, kama mtumbwi, pembe zote mbili juu, kwa sababu hapa njia ya mwezi inashuka karibu wima kwenye upeo na jua liko chini yake. Kadiri unavyokwenda mbali na ikweta ndivyo unavyoinama.

Na kwa kuwa tumegusia kupatwa: tarehe 28 Agosti 2026 alfajiri mwezi utapatwa kwa sehemu. Kivuli kitaanza kuula saa 11:33 alfajiri, na kwetu utazama kama saa 12:48 ukiwa umeshaliwa sehemu kubwa. Utakuwa unashukia magharibi, upande wetu wa maji. Mama Baraka, hiyo iandike ukutani.

MamaBaraka_Mabatini

Nimerudi na matokeo. Jumamosi tulikwenda, mimi, mtoto na bibi yake. Jirani alitupeleka kwa bajaji saa 11:30 alfajiri. Ziwa lilikuwa limetulia, kuna baridi, na mwezi ulikuwa juu ya Kamanga, una njia ya mwanga mpaka miguuni petu. Kadiri ulivyoshuka ukawa wa njano, kisha rangi ya chungwa, kisha mwekundu wa matofali. Mtoto alinyoosha mkono kupima vidole: viwili, kimoja, nusu. Ulizama saa 12:04. Mama yangu hakusema kitu muda wote, mwisho akasema, "Ndiyo huu, ila kwetu ulikuwa unapanda."

Saa 12 na nusu kulikucha, tukanunua chai na chapati pale barabarani.

Mwalimu, mtoto ana swali nimeshindwa kumjibu. Anauliza kama watu wa Kamanga walikuwa bado wanauona wakati kwetu umeshazama.

Mwalimu_Mstaafu

Mwambie kwa hesabu tupu, ndiyo. Kila kilomita moja kwenda magharibi unazama kama sekunde 2 baadaye. Ng'ambo ile ni kilomita chache, kwa hiyo ni sekunde chache. Wa Bukoba waliubakiza dakika 4 zaidi.

Lakini mtu aliyesimama Kamanga kwenyewe, kilima cha nyuma kiko karibu naye, kwake siyo kidole kimoja tena. Huenda uliziba kwake kabla yenu. Mpandisheni kivuko siku moja mchana, apime kile kilima kwa vidole akiwa huku, katikati ya maji, na akifika kule.