Mtihani wa kwanza Trondheim: naombeni ushauri

Kutoka: mdogo wenu, Moholt
24 Novemba

Shikamooni kaka na dada zangu,

Mimi ni mwanafunzi wa kubadilishana kutoka Dar, nipo Trondheim, Norway, tangu Agosti, naishi Moholt, kwenye makazi ya wanafunzi. Nina mitihani miwili, wa kwanza tarehe 9 Desemba, masaa manne.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba mtihani huo ndio asilimia 100 ya alama. Nyumbani nimezoea 40 za kazi za muhula na 60 za UE, mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula. Siku ya mtihani ikikuendea vibaya, akiba yako ipo. Huku kazi za muhula nimezikusanya zote na zimekubaliwa, kumbe hazina alama hata moja. Zilikuwa ruhusa tu ya kuingia kwenye mtihani. Nimelijua hilo wiki iliyopita.

Halafu sina kundi. Nyumbani msuli tunapiga pamoja, madesa yanazunguka, ukikwama unamgongea mwenzako hata saa saba usiku. Hapa wenzangu wanaingia chumba cha kusomea, wanaziba masikio, jioni wanaondoka bila neno. Na giza hili! Saa tisa alasiri jua linazama, mwili unataka kulala. Mliopita huku mlifanyaje?

---

Kutoka: dada yenu wa Oslo
24 Novemba

Marahaba mdogo wangu, na pole. Asilimia 100 ilinitisha mimi pia.

Nianze na madesa, maana huku yapo wazi kuliko unavyodhani. Ingia kwenye ukurasa wa somo lako, tafuta mitihani ya miaka iliyopita. Masomo mengi huiweka, na mara nyingi pamoja na *sensorveiledning*, yaani mwongozo wa msahihishaji: jibu zuri lina nini, alama zinagawanywaje. Mimi nilikaa mwezi mzima nikikariri vitabu, sikujua kitu hicho kipo, kwa sababu sikuuliza. Kaa na mtihani wa zamani kwa masaa manne kamili, saa mkononi. Fanya hivyo mara tatu kabla ya tarehe 9.

Kuhusu kundi, wanaliita *kollokvie*, na lipo, ila hutaalikwa. Kwa ninavyowaona, wenyeji wanaogopa kukusumbua kama wewe unavyoogopa kuwasumbua wao. Usiseme "tusome pamoja siku moja." Sema "Alhamisi saa nne asubuhi nafanya swali la 2 la mwaka jana, tufanye wote?" Ukitaja siku, saa na swali, wengi watakubali. Na mwalimu wa somo mwandikie, muite kwa jina lake la kwanza. Najua kwetu ni utovu wa adabu, lakini hapa ndiyo kawaida na atakujibu.

Sasa jambo la saa, nakuomba ulishike. Siku ya mtihani wangu wa kwanza mwenzangu aliniambia tukutane mlangoni *halv ni*. Nilisikia "nusu" na "tisa", nikaelewa saa tisa na nusu ya saa zao. Kumbe kwao ni nusu ya *kuelekea* tisa, yaani 8.30, saa mbili na nusu asubuhi kwa hesabu yetu. Mtihani ulianza 9.00, mimi nimefika 9.30 nikihema. Walinipokea, ila ile nusu saa sikurudishiwa, na swali la mwisho nililiacha jeupe huku jibu nalijua. Saa ya mtihani iandike kwa tarakimu, uibandike ukutani.

Siku yenyewe beba kitambulisho, laptopu na chaja. Ile programu inayoizuia laptopu kufungua kitu kingine wakati wa mtihani ijaribu nyumbani mapema, usisubiri asubuhi ya mtihani. Hutaandika jina, utaandika namba ya mtahiniwa, nayo unaipata kwenye Studentweb, tovuti ya taarifa za wanafunzi, siku chache kabla. Beba chakula pia. Utaona watu wanafungua mkate na kumenya machungwa katikati ya mtihani. Inaruhusiwa, mradi husumbui. Wasimamizi wengi ni wastaafu, wapole sana. Mmoja aliniletea maji bila kuombwa, na hadi leo namkumbuka.

---

Kutoka: kaka wa Tromsø
25 Novemba

Mdogo wangu, hilo la giza niachie mimi. Kwetu huku kuanzia keshokutwa jua halichomozi hadi katikati ya Januari. Wewe bado unalo, kama saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, basi litumie. Saa sita mchana acha kitabu, toka nje nusu saa, hata kama kuna mawingu. Usingoje umalize sura, maana sura ikiisha jua nalo limekwenda. Usilale mchana.

Kunywa *tran*, mafuta ya ini la samaki. Wazee wa huku husema inywewe kila mwezi wenye herufi R ndani yake. Na nunua *brodder*, vile vyuma vya kuvalia chini ya viatu. Nimemwona mwenzetu akivunjika mkono kwenye barafu siku mbili kabla ya mtihani.

---

Kutoka: kaka wa Bergen
25 Novemba

Nyongeza fupi. Ukiugua siku ya mtihani usijikaze uingie ukafeli. Toa taarifa siku hiyohiyo na utafute barua ya daktari haraka. Usiku na mwisho wa wiki piga 116117, namba ya daktari wa zamu. Lakini jua kwamba mtihani wa marudio mara nyingi huwa majira ya joto, na wewe utakuwa umesharudi Dar. Kwa hiyo waulize mapema ofisi ya wanafunzi wa kimataifa.

Matokeo huchukua kama wiki tatu. Usipoyaelewa, una wiki moja ya kuomba maelezo na wiki tatu za kukata rufaa. Rufaa husahihishwa upya na watu wengine, na alama inaweza kupanda au kushuka. Na C ya huku maana yake ni "nzuri". Usiipokee kama msiba.

---

Kutoka: mdogo wenu, Moholt
10 Desemba

Kaka na dada zangu, nimetoka salama.

Swali la 3 lilifanana sana na la mwaka juzi, na tulikuwa tumelifanya watu watatu siku ya Alhamisi ile. Nilitaja siku, saa na swali kama dada alivyosema. Wawili walikubali palepale, na mmoja akaniambia alikuwa anatafuta wa kusoma naye tangu Septemba. Tulikaa viti viwili jirani miezi mitatu.

Ukumbini mwalimu wa somo alipita, nikanyoosha mkono kuuliza maana ya neno moja kwenye swali la 1. Zamani nisingethubutu. Bila hivyo ningejibu kitu kingine kabisa.

Wa pili ni tarehe 17, tarehe 19 narudi nyumbani. Kama kuna anayekuja Trondheim Januari, nina *brodder* namba 41, koti zito na taa ya mezani. Aniandikie kabla ya tarehe 18, nitamwachia bure hapa Moholt.