MJADALA: Zanzibar tuombe mashindano ya tenisi ya wanawake, au kwanza mageti ya hoteli yafunguliwe?

Mwalimu wa Mchana (mwenye mada)

Assalaam alaykum wana baraza.

Tangu zile fainali za tenisi ya wanawake za Riyadh za Novemba 2025, kwa jirani zangu hakuna mazungumzo mengine. Elena Rybakina alimfunga Aryna Sabalenka akaondoka na dola milioni 5.235, zawadi ambayo hakuna mwanamke mchezaji aliyewahi kuipokea kwa shindano moja. Vijana wakapagawa. "Saudia wamepata, Doha na Dubai wanayo tangu 2001, na sie tuna bahari, tuna hoteli, tuna jengo jipya la uwanja wa ndege. Kwa nini tusiombe?"

Basi tulijadili, lakini tusidanganyane. Fainali kama zile, za WTA, yaani chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake, hatuletewi. Tunachoweza kuomba ni ngazi ya chini kabisa ya tenisi ya kulipwa, mashindano yanayoitwa W15. Zawadi yote ni dola 15,000, wagawane wanaocheza mmoja mmoja na wanaocheza wawili wawili. Anayetolewa mapema haondoki hata na hela ya tiketi ya ndege. Monastir kule Tunisia na Sharm el-Sheikh kule Misri yanachezwa wiki baada ya wiki, ndani ya hoteli za ufukweni mfano wa hizi zetu za Nungwi na Kiwengwa. Wachezaji wanajilipia vyumba, hoteli inajaa.

Faida yake si zawadi, ni pointi. Bingwa wa W15 anapata pointi 15. Msichana akitaka jina lake liingie kwenye orodha ya dunia, anahitaji pointi 10, au apate chochote katika mashindano matatu. Sasa mtoto wa Jang'ombe atazifuata Tunisia kwa nauli ya nani? Mashindano yakiwa nyumbani, mwenyeji ana nafasi chache za kuwapa watoto wake, na mtoto anakwenda kwa daladala.

Kwa hiyo mie naunga mkono, ila kwa sharti. Hoteli itakayopewa mashindano ifungue kiwanja chake kwa watoto wa skuli za jirani mwaka mzima, si wiki ile tu ya kamera. Ons Jabeur, Mtunisia aliyefika fainali ya Wimbledon 2022 na 2023, na fainali ya US Open 2022, alianzia kwenye viwanja vya hoteli za kwao karibu na Sousse, kwa sababu klabu yake haikuwa na kiwanja. Kidogo kidogo akawa wa pili duniani. Hoteli zilikuwepo, kama zilivyopo kwetu. Tofauti ni mlango.

Nalisema hili kwa uchungu wangu mwenyewe. Mwaka juzi nilichukua wasichana tisa nikawapeleka kwenye hoteli moja ya kaskazini, sitaitaja. Mlinzi akaniuliza tumeweka nafasi chumba gani. Tukasimama juani. Kiwanja tulikuwa tunakiona kwenye uwazi wa makuti, kitupu, majani makavu yamejaa kwenye mstari. Tukarudi na gari ya shamba.

Karibuni. Matusi muyaache nje pamoja na viatu.

Mzee wa Jaws Corner

Wa alaykum salaam mwanangu. Nia yako nzuri, lakini mimi nasema hapana.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akituhadithia namna alivyokuwa akiwaokotea mipira Waingereza enzi za ukoloni. Watoto weusi pembeni ya wavu, wanalipwa senti. Hakuna siku aliyopewa raketi hata aishike. Sasa mnataka kuleta mashindano hotelini ili wajukuu zake wakaokote tena, safari hii kwa fulana yenye nembo?

La pili, mavazi. Kila mahali tumeweka mabango ya kuwaomba wageni wajisitiri wakiingia mitaani. Halafu tuwaite wenyewe waje na visketi, tukae tutazame? Riyadh wana mafuta, wanaweza kununua hata aibu. Sie tunabakia na watoto wetu.

Gari 505

Hhahaha. Mzee keshamaliza.

Ila mie hoja yangu nyengine. AFCON 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda. Fedha yote ya michezo itakwenda kwenye mpira, mpende msipende. Nani wizarani atakaa kikao cha tenisi? Mchezo wenyewe hapa mtaani ukiuliza kumi, tisa watakwambia ni ule wa meza.

Ukhty wa Magomeni

Mzee wangu, shikamoo. Naomba nikujibu la mavazi kwa sababu naona kila mada ya michezo ya wanawake inaishia kwenye miguu yetu.

Sketi si sheria tena. WTA walibadilisha kanuni, na kuanzia msimu wa 2019 mchezaji anaruhusiwa suruali ya kubana bila sketi juu yake. Ilikuja baada ya Serena Williams kuvaa vazi la mwili mzima kule Paris 2018 na wakubwa wa mashindano wakanuna. Yeye alivaa kwa ajili ya damu yake, alikuwa ametoka kuzaa na mabonge ya damu yalikuwa yakimsumbua. Lakini mlango aliusukuma, na sie tunapita. Mtandio nao tenisi haijaufanyia vita kama mpira wa miguu, ambako FIFA waliuruhusu rasmi mwaka 2014, au kikapu kilichosubiri hadi 2017. Mikono mirefu, suruali, kichwa kimefungwa, unacheza.

Na msidhani mjadala huu ni wa kwetu peke yetu. Sania Mirza wa India, Muislamu mwenzetu, mwaka 2005 masheikh walimsema kwa sketi yake hadi akahitaji ulinzi. Akaendelea. Akachukua mataji sita ya wawili wawili ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi, na mechi yake ya mwisho, Februari 2023, alicheza Dubai. Mimi sisemi mtoto wetu avae vile alivyovaa yeye. Nasema uamuzi ni wa mtoto na wazee wake, si wa baraza.

Halafu mzee, nage tunayocheza Mei Mosi, kina mama watu wazima wanakimbia na kukwepa mpira mbele ya viongozi, mbona haina tabu?

Mzee wa Jaws Corner

Marhaba. Nage ni mchezo wa kwetu. Lakini hilo la suruali sikulijua, nimelipokea. La kuokota mipira bado liko palepale.

Mpemba wa Wete

Yakhe, nyie mnazungumza Nungwi, Kiwengwa, kaskazini, hoteli, hoteli. Sie Pemba hoteli zenyewe za kuhesabu kwa vidole. Kwa hiyo kwa mpango wa mwalimu, mtoto wa Micheweni apande boti aje Unguja, alale kwa nani, ili acheze saa moja kwenye kiwanja cha mzungu? Kila jambo la Zanzibar likianza Unguja, huku linafika limechoka.

Na hii hadithi kwamba mashindano ya nyumbani ndiyo yanazalisha mchezaji, mie naitilia shaka. Muangalieni Alexandra Eala wa Ufilipino, mtoto wa visiwani kama sie. Machi 2025 alikuwa wa 140 duniani, akaingia Miami kwa nafasi ya upendeleo, akawafunga Madison Keys na Iga Swiatek, akafika nusu fainali. Kila mtu akapiga makofi, "mtoto wa Ufilipino!" Lakini aliondoka kwao na miaka 13 kwenda kwenye chuo cha tenisi cha Rafael Nadal kule Hispania. Mtoto akiwa na kipaji anaondoka. Wekeni hela hiyo kwenye ufadhili wa mtoto mmoja mmoja, si kwenye kukodi mahema ya VIP.

Kaka wa Mapokezi

Nafanya kazi hotelini, pwani ya kaskazini. Ngoja niwape hesabu, maana naona mnapanga harusi bila kumuuliza mwenye nyumba.

W15 ina wachezaji 32. Mechi za mmoja mmoja ni 31. Jozi 16 za wawili wawili ni mechi 15 nyengine. Jumla 46, na hapo sijawaweka wanaokuja mapema kutafuta kufuzu. Sisi tuna kiwanja kimoja. Hakina taa, saa kumi na mbili na nusu kiza. Mkibanana sana, mechi tano kwa siku. Siku tisa zinapita na hamjamaliza, na wiki ni siku saba. Wavu wenyewe umeliwa na chumvi ya bahari, saruji imepasuka upande wa bustani. Hoteli nyingi ni kiwanja kimoja au viwili, vilijengwa ili viandikwe kwenye matangazo. Wageni wanaocheza nawajua kwa sura.

Jambo la pili ni msimu. Meneja atakubali wachezaji wanaotafuta chumba cha bei nafuu wakati gani? Vyumba vikiwa vitupu. Vyumba vitupu ni Aprili na Mei. Aprili na Mei ni masika. Tenisi haichezwi kwenye maji. Sharm wamezungukwa na jangwa, mvua wanaisikia kwenye redio. Julai na Agosti kwetu ni kukavu, upepo wa kusi unasumbua lakini panachezeka, ila hapo chumba hata mimi mfanyakazi sikipati kwa ndugu yangu.

Mwalimu wa Mchana

Kaka, hii ndiyo michango niliyokuwa naitaka. Mwanzo wa Juni je? Masika yanakatika na wageni hawajajaa.

Kaka wa Mapokezi

Wiki mbili za mwanzo wa Juni, inawezekana. Lakini bado mnahitaji viwanja vinne hivi, pengine hoteli mbili za jirani ziungane. Nimefanya kazi na mameneja wanne, sijaona wawili waliokopeshana hata barafu.

Mwalimu wa Mchana

Najibu kwa mkupuo, na samahani kwa urefu.

Gari 505, ni kweli wizara ina mzigo wa mpira. Ndiyo maana nimesema viwanja vya hoteli. Vimeshajengwa, vimeshalipiwa, vinaoza. Siombi serikali saruji, naomba itie sharti kwenye kibali.

Mpemba, umenichoma, na una haki. Pemba jibu langu si hoteli, ni ukuta. Msichana mwenye raketi, mpira na ukuta wa skuli uliopakwa mstari wa chokaa kwenye urefu wa wavu, amepata nusu ya mwalimu. Na mipira si lazima iwe ile ya manjano ya kwenye televisheni. Tangu 2012 kanuni za tenisi zimeikataza kwenye mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini. Wanatumia laini, nyekundu, ya chungwa na ya kijani, inayokwenda polepole. Huo mpira unachezeka hata kwenye uwanja wa mpira wa pete, mkifunga kamba katikati. Kwenye uwanja wa Gombani hapo Pemba hapakosi pembe.

Lakini la Eala tutafautiane. Unaona yule aliyeondoka na miaka 13. Mie nauliza, nani alimuona akiwa na miaka minane? Hakuna ufadhili unaoshuka kwa mtoto ambaye hajawahi kushika raketi. Angella Okutoyi wa Kenya kalelewa na bibi yake Nairobi, si mtoto wa tajiri. Mwaka 2022 akachukua taji la Wimbledon la wasichana wa wawili wawili, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Mkenya wa kwanza kuchukua taji la vijana la Grand Slam. Nairobi walikuwa na viwanja alivyoweza kuvifikia.

Mzee wangu, la baba yako limenikaa tangu asubuhi. Sina jibu la haraka. Kama watoto watakwenda kuokota mipira tu, nami nitakuwa upande wako, wasiende.

Muda pia nimeufikiria, maana wazazi wataniuliza. Wanafunzi wangu ni wa mkondo wa mchana, asubuhi wako huru. Jioni na wikendi wana chuo cha Kurani, sitaki kugombana na ustadhi yeyote.

Gari 505

Mwalimu umepanga hadi ratiba. Bado mnabishana kama kuna hela. Hiyo dola 15,000 nani anatoa?

Ukhty wa Magomeni

505, mwaka 1970 kule Houston wanawake tisa, Billie Jean King akiwa mmoja wao, walitia saini mkataba wa dola moja moja kwa sababu wakubwa wa tenisi waliwapa zawadi ya dharau wakiwalinganisha na wanaume. Miaka mitatu baadaye WTA ikazaliwa, na US Open ikalipa sawa. Wimbledon ikavuta hadi 2007. Riyadh unayoiona leo ilianza na dola tisa mezani.

Na hata hiyo Riyadh si kila mtu kaibariki. Chris Evert na Martina Navratilova waliandika kupinga mapema 2024, kwa hoja ya haki za wanawake wa kule. Jabeur akaunga mkono kwenda. Wote watatu wanaupenda mchezo. Kwa hiyo mzee asione haya kupinga, yuko na watu wazito.

Mpemba wa Wete

Ukuta nakubali. Chokaa tunayo. Raketi?

Kaka wa Mapokezi

Wageni wanaacha raketi vyumbani, wallahi. Mizigo ikizidi uzito wanaziacha na miavuli. Stoo tunazo kama sita, mbili nyuzi zimekatika.

La watoto: mie si meneja, nisije nikanukuliwa. Ila siku za kazi, saa nne hadi saa sita, pale kiwanjani hakuna mtu, wageni wako baharini. Mwalimu andika barua, iwe na muhuri wa skuli na saini ya sheha. Nitaiweka mezani kwake kwa mkono wangu. Siahidi kitu.

Mwalimu wa Mchana

Naiandika usiku huu. Wale tisa wamebaki saba, wawili wameshamaliza skuli.

Mzee wa Jaws Corner

Kama ni kucheza, na iwe. Lakini ndani ya barua hiyo andikeni kwamba watoto wataingilia geti la mbele. Si lile la nyuma la wafanyakazi.

Kaka wa Mapokezi

Mzee wangu, hata mie naingilia la nyuma. Mwaka wa sita huu.