Familia ya Kadutu: dawa ya mama

Yaya Furaha, 6:12
Jambo bote. Mama alitoka kwa dokta jana, tansio (presha ya damu) 168 kwa 98. Dokta hakuongeza amlodipini yake. Amemupa kidonge kipya chenye dawa mbili ndani, amlodipini na losartani. Kimoja kila asubuhi, basi. Tunachanga dola 5 kila mutu. Ninangojea.

Yaya Furaha, 7:40
Mumesoma, ninaona alama za bluu.

Bahati, 8:03
Yaya, juu ya nini mbili? Ile moja haikuwa na nguvu?

Yaya Furaha, 8:05
Amlodipini inalegeza mishipa. Losartani inazuia mwili usiikaze tena. Mbili za kipimo kidogo zinashusha tansio zaidi kuliko moja ukiizidisha mara mbili. Na ile miguu yake kuvimba, dokta anasema amlodipini ikipandishwa njo inavimbisha zaidi. Hata OMS, shirika la afya la dunia, tangu 2021 inakubali mutu aanzie na dawa mbili, na vizuri zaidi zikiwa ndani ya kidonge kimoja, ili asisahau.

Ombeni, 8:31
Mbili kwa moja 😂 kama soko ya Kadutu jioni

Neema, 8:32
🤣🤣🤣

Bahati, 8:40
Na ile sambaza, samaki kidogo ya chumvi, anakula kila siku? Ombeni njo anamuletea.

Ombeni, 8:41
Sambaza usiziguse 😂

Yaya Furaha, 8:44
Muache sambaza! Nimemupigia mama sasa hivi. Amekunywa kile kipya NA ile amlodipini ya zamani. Anasema dawa haitupwi. Amlodipini iko tayari ndani ya kipya, sasa anakunywa mara mbili! Nani iko karibu aende kuondoa zile paketi?

Zawadi, 11:05
Kuchanga tena? Pesa ya kilio ya baba ilienda wapi?

Yaya Furaha, 11:06
Zawadi, usianze.

Zawadi, 11:07
Daftari liko kwako.

Bahati, 11:09
Na mabati ya Walungu?

Baba Mukubwa, 12:20
Nimesoma yote. Baba yenu alikuwa na dawa. Kichwa kikaacha kumuuma, akaziacha, akasema amepona. Ni mimi nilimubeba asubuhi ile, mukono mumoja haukusikia tena. Hesabu ya kilio tutaikalia, na mimi nitakuwapo. Leo mutu aende kwa mama.

Zawadi, 13:58
Ndiyo, Baba Mukubwa. Ninatuma 5.

Neema, 14:02
Ndiyo, baba.

Bahati, 14:15
Mimi mwisho wa mwezi.

Yaya Furaha, 14:16
Bahati, mama hawezi kuruka siku juu ya mushahara wako. Neema, unaenda?

Neema, 14:50
Niko kazini Nguba mpaka saa kumi na moja. Niondoe amlodipini peke yake? Mama iko na dawa zingine za mugongo.

Yaya Furaha, 14:51
Za mugongo gani? Kama ni ibuprofeni, inapandisha tansio, na pamoja na losartani inaweza kuumiza figo. Piga picha ya kila paketi, utume hapa, nimuulize dokta. Na umuambie mama kile kipya asikiache hata akijisikia muzuri.

Ombeni, 15:20
Nani atamupima Jumamosi? Kipimo cha tansio kiko kwa Zawadi.

Zawadi, 15:21
Kwangu? Kilienda kwa Bahati tangu kilio!

Bahati, 16:37
Kiko hapa. Pile (betri) zimekufa.

Yaya Furaha, 16:38
Nunua pile basi. Jumamosi nani?