Mwanya wa pkexec: tuufunge siku ileile, au usubiri zamu yake?

Mleta mada

Ndugu wasimamizi wa mifumo, naomba tujadili jambo ambalo limetugawa katika kila ofisi niliyofanya kazi. Unapotangazwa mwanya unaomwezesha mtumiaji wa kawaida, aliyekwisha kuingia kwenye mashine, kujipandisha hadi kuwa ruti, mwenye mamlaka yote, je, hiyo ni dharura ya siku ileile au ni kazi ya ratiba ya mwezi?

Nachukua mfano wa mwanya uitwao PwnKit, ambao namba yake rasmi ni CVE-2021-4034. Watafiti wa kampuni ya usalama ya Qualys waliugundua katika pkexec, programu ndogo ya kuendesha amri kwa mamlaka ya mtumiaji mwingine, inayokuja na polkit (mfumo wa kugawa ruhusa) katika matoleo makubwa ya Linux. Waliitaarifu Red Hat, kampuni inayotoa mojawapo ya matoleo hayo, tarehe 18 Novemba 2021, na habari ikatolewa hadharani tarehe 25 Januari 2022, ilhali kosa lenyewe lilikuwamo tangu pkexec ilipoanza, Mei 2009. Msimamo wangu ni kwamba unafungwa siku ileile. Kiraka, yaani sasisho la kuuziba, kikiwa bado hakijafika, iondoe pkexec biti ya setuid, ile inayoifanya iendeshwe kwa mamlaka ya ruti, kwa amri moja tu: chmod 0755 /usr/bin/pkexec.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakuheshimu, lakini hapo umekwenda mbio. Mwanya huu ni wa ndani: mshambuliaji sharti awe ameshaingia, na ndiyo maana katika kipimo cha ukali cha hadi 10 ukapewa alama 7.8, si 9 wala 10. Watu wetu ni wachache, na saa walizonazo ni afadhali ziende kwenye seva za barua pepe zinazotazamana na intaneti. Nasema haya nikiwa nimeungua. Kuna mahali tuliwahi kusukuma sasisho la haraka Ijumaa usiku, na Jumamosi asubuhi seva ya malipo ikakataa kuwaka. Hakuna mdukuzi aliyewahi kutusababishia hasara kama tuliyojisababishia wenyewe siku ile.

Mchangiaji wa pili

Neno "ndani" ndilo linalotudanganya. Mimi nasimamia seva ya chuo ambamo mamia ya wanafunzi wana akaunti halali. Kwangu, aliye ndani ni yeyote aliyelipa ada. Hata penye tovuti tu, programu-jalizi moja iliyochakaa humpa mgeni nafasi ya kuendesha amri akiwa mtumiaji asiye na mamlaka, na hatua yake ya pili ndiyo hii tunayoijadili.

Tazameni pia ulivyo mwepesi. Pkexec ilidhani kwamba orodha ya vigezo (maneno ya amri inayoiita) inayopewa haikosi walau jina lake yenyewe. Ukiiita kwa orodha tupu, inaanza kuhesabu kutoka moja, inavuka mwisho wa orodha na kusoma vigeu vya mazingira (mipangilio ambayo programu hurithi kwa aliyeiita) vilivyopakana nayo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kisha inaandika papo hapo. Kwa njia hiyo mshambuliaji anarudisha kigeu kama GCONV_PATH, kinachoelekeza mahali pa kutafuta maktaba (faili za msimbo), ambacho mfumo huwa unakiondoa kwa makusudi kabla programu ya setuid haijaanza, na pkexec, ikiwa tayari ni ruti, inapakia maktaba aliyoitengeneza yeye. Hakuna kubahatisha anwani za kumbukumbu wala kuvizia sekunde. Msimbo wa kuutumia ulizagaa saa chache baada ya tangazo, na Juni 2022 shirika la usalama wa mitandao la Marekani, CISA, likauingiza katika orodha yake ya mianya inayotumika kweli. Alama 7.8 haikuniambia lolote kati ya haya. (OpenBSD, mfumo endeshi mwingine, ilinusurika, kwa sababu keneli yake, yaani kiini cha mfumo, hukataa kabisa kuanzisha programu kwa orodha tupu.)

Mchangiaji wa tatu

Nyongeza fupi. Wengine bado tulikuwa na CentOS 6, toleo la zamani la Linux lililokoma kuhudumiwa Novemba 2020, kwa hiyo kungoja kiraka kulikuwa kungoja meli iliyokwisha zama. Ukiondoa biti hiyo, programu za mezani kama GParted na Synaptic zinaweza kugoma kufunguka. Nani anafungua GParted kwenye seva?

Mleta mada

Namjibu mchangiaji wa kwanza, kwa kuwa kisa chake ni cha kweli na kinatutokea sote. Hata hivyo kilichoiangusha seva yake ni sasisho, na mimi nazungumzia badiliko la ruhusa za faili moja, lisilohitaji kuwasha mashine upya na linaloweza kurudishwa kwa chmod 4755. Ingekuwa Dirty Pipe, mwanya mwingine wa aina hii wa Machi 2022, ambao ulikaa ndani ya keneli yenyewe, ningekubali kwamba seva ya malipo ijaribiwe kwanza pembeni, huku ile ya wanafunzi ikiwashwa upya usiku uleule.

Ninaposita ni kwingine. Tuseme mashine ya watumiaji wengi ilikaa wazi siku mbili. Baadhi ya mashambulizi haya huacha kwenye kumbukumbu za matukio mstari unaolalamikia kigeu cha SHELL, lakini Qualys wenyewe walionya kwamba inawezekana kuutumia mwanya bila kuacha alama yoyote. Ukikuta kumbukumbu hizo za matukio ni safi, unaiamini mashine hiyo, au unaijenga upya kutoka mwanzo? Na mkurugenzi utamweleza nini?