Goti linaniacha nikigeuka, na michezo ya vyuo ni mwezi ujao. Nicheze?

BintiWete
Assalaam alaykum nyote. Mie kwetu Pemba, nasoma chuo Unguja, mwaka wa pili. Nacheza netiboli, senta. Kabla ya Ramadhani kwenye mechi ya kirafiki niliruka kudaka mpira, nikatua mguu mmoja huku nageuka, nikasikia "ta!" ndani ya goti. Hakuna aliyenigusa. Kufika usiku goti lishajaa. Hospitali nikapigwa eksirei, nikaambiwa mifupa mizima, nikapewa dawa za maumivu na bandeji.

Uvimbe umeshuka. Natembea, ngazi za dakhalia napanda. Lakini nikikimbia na kugeuka ghafla goti linaniacha, nakuwa kama sina mguu.

Sasa kwenye michezo ya vyuo watakuja watu wa timu moja ya vikosi kuangalia wachezaji. Mnajua wenyewe, ukichukuliwa huko hupati jezi tu, unapata ajira, na kwetu mie ndiye mkubwa. Kocha anasema nijikaze, siku ya mechi nitachomwa sindano ya ganzi. Mama anataka nirudi Wete kwa fundi wa kuchua. Ninayelala naye chumba kimoja ananambia niache mpira kabisa. Nishaurini, nimechoka kuwaza.

Mpiga_Bao
Cheza dada. Zlatan, yule mshambuliaji wa mpira wa miguu, mwaka 2022 kacheza miezi sita na AC Milan bila ya kano ya goti na ubingwa wa Italia wakachukua. Nafasi hairudi mara mbili.

Chake77
@Mpiga_Bao malizia hadithi basi. Zlatan alikuwa na miaka 40, mara nyingi akiingia kipindi cha pili, na mwenyewe alisema goti likitolewa maji kila wiki. Ligi ilipokwisha tu akapasuliwa, mwaka uliofuata akastaafu. Alikuwa anafunga duka, huyu ndiyo kwanza anafungua.

FizioUnguja
Mdogo wangu, goti lako sijalishika, kwa hiyo sitokupa jina la ugonjwa kupitia simu. Ila kutua huku unageuka, mlio, kuvimba ndani ya saa chache, kisha goti kukuacha: yeyote wa fani yetu hapo atawaza kwanza ACL, kano ya ndani inayozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele. Eksirei inaonesha mifupa, kano haizioni. Walichokwambia ni kuwa hukuvunjika, basi. Unahitaji daktari wa mifupa akupime goti kwa mikono yake, na akiona haja akuandikie MRI, kipimo cha picha kinachoonesha mpaka kano.

Netiboli nayo ina balaa lake. Ukidaka mpira huruhusiwi kukimbia nao, lazima usimame, na breki yote hiyo inalipwa na goti. Senta ndio zaidi, maana uwanja mzima wake isipokuwa nusu duara za goli. Na kwenye michezo ya kuruka na kukata kona, wanawake wanachanika kano hii kuliko wanaume.

Ganzi sahau kabisa. Wewe shida yako si maumivu, ni goti kulegea, na ganzi haikazi kitu. Inakuondolea ile hofu tu inayokufanya upunguze mwendo. Kila goti linapokuacha, meniskasi, yaani pedi za gegedu zilizo baina ya mifupa, zinasagika. Kano wanaweza kukutengenezea nyengine kwa kuchukua kano ya paja. Pedi ikishachanika vipande mara nyingi hukatwa ikatolewa, na ndipo unapomuona mtu hajafika miaka 40 anasali juu ya kiti.

Kijana_Mkoani
Kwa hiyo ni kisu tu? Na huko ni kukaa nje mwaka mzima.

FizioUnguja
Si lazima. Sweden walifanya utafiti wa vijana 121, ukatoka 2010: kundi moja lilipasuliwa mapema, jengine likaanza na mazoezi tiba. Baada ya miaka 5 karibu nusu ya hao wa mazoezi walikuwa hawajapasuliwa. Lakini mazoezi tiba ni kazi ya miezi, wiki nne hazitoshi kukurudisha senta. Na wanaopasuliwa wasirudi kabla ya miezi 9 hata kama wanajiona wazima. Utafiti wa Norway wa 2016 uliona kila mwezi unaosubiri, mpaka huo wa tisa, unapunguza kuumia tena kwa karibu nusu.

Mzanzibari_Ughaibuni
Niko Marekani. Huku kwenye ligi kubwa za vyuo kanuni zinasema nani arudi uwanjani anaamua daktari, kocha hana kauli. Tena ukiumia mapema kwenye msimu chuo kinaweza kukuombea mwaka mwengine wa kucheza. Huko nyumbani mtoto anaachiwa aamue peke yake, kocha akimtizama.

BiMkubwa_Michenzani
Mwanangu, mama yako usimkatalie kwa ukali. Mwambie fundi akuchue paja na muundi kwa mafuta yake, ila goti asilizungushe wala asilivute. Kano ya ndani hakuna mkono unaoiunga.

Na hiyo ajira, umeulizia inaanzaje? Mie mwanangu yuko kikosini. Kabla ya netiboli kuna mafunzo: kukimbia alfajiri, kwata, kuruka, kutambaa. Utawapita kwenye mechi kwa ganzi, kule ganzi atakuchoma nani? Mtafute kocha wao mwanamke mwenzio, mwambie umeumia na unatibiwa. Mchezaji mzuri wanamkumbuka.

BintiWete
Hilo la mafunzo wallahi sikuliwaza. Ahsanteni. Jumatatu namtafuta daktari wa mifupa Mnazi Mmoja. Suala langu: ikiwa kweli ni ACL, nitakwenda wapi, na fedha?

FizioUnguja
Waulize hao hao Mnazi Mmoja kwanza. Wakikupa rufaa, MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, wanapasua magoti kwa matundu madogo. Bima uliyonayo iulizie kabla hujapanda boti, na ofisi ya washauri wa wanafunzi wape barua ya daktari wajue kwa nini huchezi. Ile eksirei ya mwanzo nenda nayo.

Mpiga_Bao
Haya nimeshindwa. Lakini kocha naye aambiwe, asije akamchoma mwengine.